Kidhibiti cha Diodi ya Leza: Kwa Nini Kiandaliwe Kabla Diodi Haijaguswa

Diodi ya leza, yaani kile kipande kidogo cha fuwele kinachogeuza umeme kuwa mwanga wa leza, ikifa haizimiki, na hilo ndilo linalowababaisha wengi. Siku moja mwanafunzi aliniita kutoka upande wa pili wa maabara. Alikuwa ameshika ile kadi inayoonyesha mwanga wa infraredi, doa dogo linaonekana juu yake, lakini uso umemshuka. "Mwalimu, mbona inawaka lakini mita inasoma chini ya miliwati moja?" Nikaishika mwenyewe nobu ya mkondo, nikaizungusha polepole. Mwanga ukapanda kidogo kidogo, ukaendelea kupanda kidogo kidogo, wala haukuruka popote. Hapo nikajua. Kilichokuwa leza asubuhi kilikuwa kimegeuka taa ya LED, na hakuna fundi wa kukirudisha. Hapakuwa na moshi wala harufu ya kuungua. Fyuzi zote zilikuwa nzima.

Tulipofuatilia, tulikuta kebo ya leza ilikuwa imechomolewa na kurudishwa huku kidhibiti, yaani boksi linaloilisha diodi umeme, kikiendelea kutoa mkondo. Sekunde mbili tu. Nitaeleza mbele kwa nini kitendo hicho kinaua. Kwa sasa nataka jambo moja likae akilini, maana makala yote haya yanalizunguka: diodi ndiyo kitu cha mwisho kuunganishwa. Umeme wa ukutani, waya wa ardhi, kikomo cha mkondo, joto, kufuli za usalama na miwani, vyote vinapangwa na kujaribiwa diodi ikiwa bado kwenye pakiti yake. Anayeanza na diodi kwa sababu ana hamu ya kuona mwanga atanunua nyingine.

Kitu kidogo kinachobeba mwanga mkubwa

Tuchukue diodi ya kawaida ya nanomita 785, yenye uwezo wa miliwati 90, iliyofungwa kwenye kikopo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 5.6. Ukiipa mkondo mdogo, inang'aa hafifu kama LED yoyote. Inapofika miliampea 35 hivi inavuka kizingiti, yaani inageuka kuwa leza, na neno hilo linafaa kweli, maana ni kama kizingiti cha mlango: hatua moja uko nje, hatua ya pili uko ndani. Kuanzia hapo kila miliampea ya ziada inaleta takriban miliwati moja ya mwanga, mpaka karibu miliampea 120 ambapo karatasi ya data ya mtengenezaji inasema basi.

Mwanga huo wote unatoka kwenye uso wa fuwele ambao upana wake ni kama mikromita 3 na kimo chake mikromita 1. Piga hesabu: miliwati 90 au 100 zikipita kwenye eneo dogo hivyo ni sawa na megawati 3 kwa kila sentimita mraba. Jua la adhuhuri linatupa kama sehemu ya kumi ya wati kwa sentimita mraba. Kwa hiyo uso wa diodi hii unabeba mwanga mkali zaidi ya mara milioni 30 ya jua la utosini, na unabeba bila kuyeyuka kwa sababu tu umetengenezwa kwa ustadi mkubwa na unafanya kazi karibu na mpaka wa uwezo wake. Mwanga ukizidi kidogo, sehemu ya uso huo inaanza kuunyonya badala ya kuupitisha. Kunyonya kunaleta joto, joto linaongeza kunyonya, na ndani ya nanosekunde chache uso umeyeyuka. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Fyuzi ya kawaida inahitaji milisekunde kadhaa kukatika, kwa hiyo fyuzi haina msaada wowote hapa.

Watu huniuliza kwa nini wasitumie adapta ya volti 5 na rezista, kama wanavyofanya kwa LED. Kwa kalamu za leza za bei rahisi ndivyo ilivyo, na ndiyo maana haziishi muda mrefu. Tatizo ni kwamba diodi haitii volti kama balbu inavyotii. Ikishavuka kizingiti, ongezeko la volti 0.1 linaweza kuongeza makumi ya miliampea. Na ikipata joto, volti inayohitaji inashuka, kwa hiyo chanzo cha volti ile ile kinasukuma mkondo mkubwa zaidi kuliko dakika iliyopita. Kidhibiti cha kweli kinafanya kinyume: kinaushika mkondo na kuiacha volti ijipange yenyewe.

Historia nayo inaonyesha tangu mwanzo kwamba mkondo na joto ndio wagomvi wa kifaa hiki. Robert Hall na wenzake huko General Electric, Marekani, waliwasha diodi ya leza ya kwanza mwaka 1962, lakini kwa mapigo mafupi tu, na ikiwa imepozwa kwa naitrojeni kimiminika kwenye kelvini 77. Ilichukua mpaka mwaka 1970 ndipo kundi la Zhores Alferov kule Leningrad, na Hayashi na Panish wa Bell Labs, walipopata diodi inayowaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Alferov alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Miaka minane ya kazi kati ya 1962 na 1970 ilihusu zaidi kupunguza mkondo unaohitajika, ili kifaa kisijipike chenyewe.

Anzia ukutani

Vidhibiti vingi vya mezani vinavyofika kwetu vimetumika kwingine kwanza. Kikija kutoka Marekani, nyuma yake, karibu na tundu la kebo ya umeme, kuna kidirisha kidogo chenye namba: 100, 115 au 230. Isome kwa tochi kabla ya kufanya lolote. Tanzania tuna volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50. Kidhibiti kilichopangwa 115 ukikichomeka hapa, transfoma yake inapokea maradufu ya inachostahili, kiini chake cha chuma kinashiba sumaku, mkondo unafumuka. Fyuzi ikiwa sahihi, itakatika na utakuwa umepona. Fyuzi ikiwa imewahi kubadilishwa na mtu akaweka kubwa kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, kapasita za ndani, vile vipande vinavyohifadhi chaji, zitapasuka kabla yake.

Ukigeuza namba kutoka 115 kwenda 230, badilisha na fyuzi pia. Kifaa kile kile kinachota nusu ya mkondo volti zinapokuwa mara mbili. Kama kilihitaji fyuzi ya ampea 2 kwenye 115, sasa kinahitaji ya ampea 1. Herufi T iliyoandikwa kwenye fyuzi inamaanisha ni ile inayovumilia msukumo wa kuwashia. Usiweke F mahali pa T, itakukatikia kila asubuhi mpaka uchoke na kuweka kubwa, na hapo umerudi kwenye hatari ile ile.

Sasa waya wa ardhi, na hapa naomba msomaji asinipite haraka. Soketi zetu zina matundu matatu ya mstatili, na lile la juu ndilo la ethi, yaani la waya huo wa ardhi. Kifaa kutoka Ulaya kina plagi ya pini mbili za duara. Kila mmoja wetu ameshaona suluhisho la mtaani: unachukua kijiti, au kalamu ya wino, unaisukuma kwenye tundu la ethi ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha unazishindilia pini mbili. Kifaa kinawaka. Kwa chaja ya simu hakuna kilichoharibika, maana chaja haikuhitaji ethi. Kwa kidhibiti cha leza umeondoa ulinzi wa mkono wako na wa diodi kwa pamoja.

Ndani ya tundu la umeme la vifaa hivi kuna kapasita ndogo za kuchuja makelele, moja kutoka kila waya kwenda kwenye boksi la chuma. Ethi ikiwepo, mkondo mdogo unaovuja kupitia kapasita hizo unaenda ardhini bila mtu kujua. Ethi ikikosekana, boksi zima linaelea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani. Ukiligusa kwa nyuma ya vidole unasikia mwasho, kama mchwa wanatembea. Mkondo wenyewe ni sehemu ya miliampea, haukuui. Lakini jaribu kufikiria boksi hilo linaloelea kwenye volti zaidi ya 100 likiunganishwa kwa kebo na meza ya chuma iliyo ardhini, na diodi ikiwa katikati ya njia. Diodi inaweza kufa siku hiyo hiyo, na anayeiunganisha akadhani imetoka kiwandani ikiwa mbovu.

Kwa hiyo kata plagi, funga ya pini tatu yenye fyuzi ndani, na pima kwa maltimita: kati ya pini ya ethi na skrubu ya boksi usome karibu ohm sifuri. Kisha pima soketi yenyewe ya ukutani. Nimewahi kukuta soketi nzuri, mpya, yenye matundu matatu, ambayo waya wa ethi ulikuwa umekunjwa nyuma yake bila kufika popote.

Jambo lingine la ukutani ni jirani. Kidhibiti kisishiriki ekstensheni na friji, kiyoyozi au pampu. Mota ikijizima, inarusha mpigo kwenye nyaya. Na kwetu umeme unakatika, kisha unarudi kwa kishindo, wakati mwingine mara mbili tatu ndani ya dakika. UPS nzuri, yaani betri inayoshika kazi umeme ukikatika, ni gharama ndogo ukilinganisha na diodi, na pale ambapo jenereta hupokea kazi yenyewe, mimi siiachi leza iwake bila UPS hata kwa dakika moja.

Kukijaribu kidhibiti bila diodi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami naipenda kuliko zote, kwa sababu inakuruhusu kukosea bure. Chukua diodi tatu za kawaida za 1N4001, zifunge mfululizo pamoja na rezista ya ohm 1. Diodi hizo tatu kwa pamoja zinahitaji volti 2 na kidogo, karibu sawa na leza yetu. Rezista ya ohm 1 ni mita yako: kila milivolti moja unayosoma juu yake ni miliampea moja inayopita. Gharama yake haifiki ya chupa ya soda, na umepata leza ya uongo isiyo na hasira.

Ifunge pale ambapo diodi ya kweli itakaa, mwisho kabisa wa kebo. Sasa weka kikomo cha mkondo. Vidhibiti vingi vina skrubu ndogo mbele ya boksi kwa kazi hiyo, ya kuzungushwa kwa bisibisi, ili mtu asiisogeze kwa bahati mbaya. Kwa diodi yetu ya miliampea 120, mimi naweka 110. Washa, zungusha nobu kuu mpaka mwisho, bila huruma, na uone kama mkondo unagota kwenye 110 kweli. Linganisha kioo cha kidhibiti na maltimita. Vikitofautiana kwa miliampea mbili, kumbuka tofauti hiyo. Vikitofautiana kwa kumi, kidhibiti kinahitaji fundi kabla hakijakaribia leza.

Kisha fanya ukorofi. Mkondo ukiwa kwenye miliampea 80, chomoa plagi ukutani. Irudishe. Ukiwa na osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika, itazame rezista ile kipindi chote hicho. Unatafuta mwiba, yaani mkondo unaoruka juu kwa ghafla wakati wa kuzimika au kuwaka. Na unatafuta tabia moja muhimu sana: umeme ukirudi, je, kidhibiti kinarudi kikiwa kimezima mkondo na kusubiri mkono wako, au kinaanza kusukuma palepale? Kinachoanza chenyewe hakifai mahali ambapo umeme unakatika. Kidhibiti kizuri hukaa na njia yake ya kutokea ikiwa imepigwa shoti na relei, swichi inayoendeshwa na umeme, na ukibonyeza kuwasha hufungua relei kwanza, kisha hupandisha mkondo taratibu.

Hapa ndipo tunarudi kwenye kebo iliyochomolewa. Kidhibiti cha mkondo kina kazi moja: kuhakikisha miliampea 100 zinapita, kwa njia yoyote. Ukichomoa kebo, njia imekatika, hakuna kinachopita. Kidhibiti kinajitahidi zaidi, kinapandisha volti mpaka mwisho wa uwezo wake, tuseme volti 10. Kapasita zilizo kwenye njia ya kutokea zinajaa volti hizo. Kisha unarudisha kebo. Pini inapogusa, chaji yote iliyokusanyika inamiminika kwenye diodi iliyozoea volti 2. Kikomo ulichokiweka hakiwezi kuuzuia mmiminiko huo, maana chaji imeshampita mlinzi getini, iko ndani. Vidhibiti vya kisasa hugundua njia imekatika na kujizima. Vingi vya zamani havigundui. Kiunganishi kilicholegea kinafanya jambo lile lile mara mia kwa siku, kimya kimya, kwa hiyo kaza skrubu za kiunganishi kila mara na usiamini kebo inayocheza.

Pini, na umeme wa mwilini

Kikopo cha leza kina pini tatu. Moja ni ya leza, moja ni ya fotodiodi ndogo iliyo ndani inayopima mwanga, na ya tatu ni ya pamoja. Mpangilio wao haufanani baina ya diodi na diodi. Kuna ambazo anodi ya leza, upande chanya, imeungwa na kikopo, kuna ambazo ni kathodi, upande hasi. Na kikopo kinabanwa kwenye chuma, chuma kimefungwa mezani, meza iko ardhini. Kwa hiyo kidhibiti kina swichi ya kuchagua upande upi uwe ardhini. Soma karatasi ya data ya namba kamili ya diodi yako, chora pini kwenye daftari ukizitazama kwa upande wa nyuma, kisha weka swichi, kisha pima kwa leza ya uongo kwamba chanya iko unapoitaka. Leza iliyounganishwa nyuma-mbele inavumilia volti 2 hivi, basi. Diodi ya kawaida ikilehemiwa sambamba nayo kwa kuelekea kinyume, karibu kabisa na pini, inaupa mkondo huo wa kinyume mlango mwingine wa kupita.

Umeme tuli ni adui asiyeonekana, na hesabu yake inashtua. Wahandisi huuchukulia mwili wa binadamu kama kapasita ya pikofaradi 100 iliyo nyuma ya ohm 1,500. Ukiwa umechajiwa volti 1,000 kwa kutembea tu kwenye zulia, hujisikii kitu, maana mtu huanza kuhisi cheche kwenye volti elfu mbili au tatu. Lakini 1,000 gawanya kwa 1,500 ni ampea 0.67. Diodi yetu inataka isizidi ampea 0.12. Msukumo huo unadumu kama nanosekunde 150, muda mrefu kupita kiasi kwa uso ule wa mikromita 3.

Pwani hewa ina unyevu na umeme tuli hautusumbui sana. Dodoma wakati wa kiangazi, au ndani ya chumba chochote chenye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha, mambo ni mengine. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, tandika mkeka wa kutawanya chaji, acha pini za diodi zikiwa zimepigwa shoti kwa kipande cha foili au klipu mpaka dakika ya mwisho. Pasi ya kulehemu nayo iwe na ethi. Ile ya bei rahisi yenye plagi ya pini mbili, tuiache kwa kazi za redio.

Joto, na umande wa pwani

Mkondo ukishikwa, bado kuna joto. Diodi ya nanomita 785 husogeza rangi yake kwa takriban nanomita 0.3 kwa kila digrii, na kizingiti chake hupanda kadiri inavyopata moto. Ndiyo maana kidhibiti kamili kina nusu ya pili: kinasoma thamista, yaani kipima joto kidogo kilicho karibu na diodi, na kinasukuma mkondo kwenye kipande cha peltia kinachoweza kupoza au kupasha.

Thamista ya kawaida ina ohm 10,000 kwenye digrii 25, na kadiri joto linavyopanda, ohm zinashuka. Elewa hilo, maana lina mtego. Waya wa thamista ukikatika, kidhibiti kinaona ukinzani mkubwa mno, kinadhani ni baridi kali, na kinapasha moto kwa nguvu zote. Nyaya za peltia zikibadilishana upande, kila kinapotaka kupoza kinapasha, kikiona joto limeongezeka kinazidi kupasha. Kwa hiyo nusu hii nayo ina kikomo chake cha mkondo, kiwekwe kwanza, na ijaribiwe leza ikiwa imezimwa: panga digrii mbili chini ya joto la chumba, washa, tazama namba. Zikielekea upande usiofaa, zima palepale.

Sasa jambo ambalo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwenye nchi kavu na baridi havilipi uzito tunaouhitaji. Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kudondosha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya digrii 25. Mwongozo unakuambia poza mpaka 15 ili leza iishi zaidi. Ukitii, baada ya dakika chache kikopo kinatoka jasho kama chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Maji yanatelemka kwenye pini, kwenye lenzi, kwenye nyaya za thamista. Katika chumba chenye kiyoyozi, digrii 24 na unyevu wa asilimia 55, umande unaanzia digrii 14 na ushee, kwa hiyo 18 ni salama, lakini siku kiyoyozi kikizimika wakati peltia iko kwenye UPS, hesabu inabadilika ndani ya saa moja. Mimi pwani nafanya kazi kwenye digrii 25 ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na natafuta diodi inayotoa rangi ninayotaka kwenye joto hilo. Ni afadhali kuchagua diodi kuliko kupigana na bahari.

Kuna ncha nyingine. Ukiipoza diodi, kizingiti kinashuka, kwa hiyo mkondo ule ule unatoa mwanga zaidi. Mkondo uliokuwa salama kwenye digrii 25 unaweza kuupita mpaka wa mwanga kwenye digrii 10. Aliyeweka kikomo chake mstari wa mwisho kabisa wa karatasi ya data hana nafasi ya kupumua. Ndiyo sababu ya ile 110 badala ya 120.

Jicho

Miliwati 90 iko katika daraja la 3B kwa viwango vya kimataifa vya IEC 60825-1, daraja linalofika mpaka miliwati 500. Kinachonitisha kwa nanomita 785 ni kwamba jicho linaiona, lakini vibaya. Inaonekana kama doa jekundu lililofifia, la kuchosha, unaona kama betri imeisha. Kope hufunga kwa robo sekunde zikishtuliwa na mwanga mkali, na hapa hazishtuki. Wakati huo lenzi ya jicho inaikusanya miale yote kwenye nukta ndogo ya retina, na sehemu iliyoungua haiponi tena.

Miwani ya kinga inachaguliwa kwa rangi ya leza, siyo kwa giza lake. Tafuta namba ya OD, kipimo cha jinsi miwani inavyozuia mwanga, kwenye nanomita 785 iliyochapishwa kwenye fremu. OD 4 inapitisha sehemu moja ya 10,000, kwa hiyo miliwati 90 zinakuwa mikrowati 9. Miwani ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa leza ya kijani inaweza kuipitisha 785 yote. Miwani ya jua haihesabiki. Nawaambia hivi pia ndugu zangu mafundi wanaochonga mbao na ngozi kwa mashine za leza ya bluu ya nanomita 450: zile ni wati kadhaa, daraja la 4, na hata mwanga unaoakisiwa na kipande cha chuma unatosha kuharibu jicho la mtoto aliyesimama mlangoni anatazama.

Kidhibiti kina ufunguo, taa ya kuonyesha leza iko hai, na tundu la kufuli ya usalama. Tundu hilo mara nyingi huja na kiplagi kidogo kilichopigwa shoti ili kifaa kiwake. Kiondoe, vuta waya mpaka kwenye swichi ya mfuniko wa boksi la leza au ya mlango. Mfuniko ukifunguliwa mkondo ukatike. Na ufunguo ukae mfukoni mwako, usiachwe kwenye kidhibiti.

Kuwasha

Vaa miwani. Miale ielekee kwenye kizuizi cheusi, isiwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Washa boksi, kisha joto, subiri mpaka namba itulie. Hakikisha nobu ya mkondo iko sifuri. Ondoa klipu ya shoti kwenye pini, unganisha, kaza. Geuza ufunguo, washa mkondo, kisha panda kwa miliampea tano tano huku mita ya mwanga ikiwa mbele ya miale.

Kidhibiti kitakuuliza uchague: kishike mkondo, au kishike mwanga kwa kutumia ile fotodiodi ya ndani? Kushika mwanga kunavutia, lakini mara ya kwanza shika mkondo. Kwenye hali ya pili, waya wa fotodiodi ukilegea, kidhibiti kinadhani giza limeingia na kinasukuma mpaka kikomo. Miale ikiakisiwa na kioo na kurudi kwenye diodi, usomaji unavurugika pia. Usiitumie mpaka umekijaribu kikomo kwa mkono wako na kukiona kikigota.

Kuzima ni kurudi nyuma kwa njia ile ile: mkondo sifuri kwanza, kisha zima mkondo, kisha klipu ya shoti, kisha joto, kisha boksi. Usizime ukutani leza ikiwa juu, hata kama una haraka ya kuwahi daladala.

Na kila siku ya kwanza ya mwezi, andika kwenye daftari linalokaa juu ya kidhibiti: tarehe, joto, na miliampea ambayo mwanga uliruka. Kizingiti cha diodi yenye afya hakisogei. Kikianza kupanda, inazeeka, na una muda wa kuagiza nyingine. Ninayoitumia sasa ilianza na miliampea 34.8 kwenye digrii 25. Wiki hii, joto lile lile, imeandikwa 36.1.